Mstari wa Mwenye Mnyama

Katika fomu ya mapokezi ya kliniki ninayofanyia kazi, mstari wa tatu unauliza jina la mwenye mnyama. Juu yake kuna tarehe na aina ya mnyama. Chini yake kuna umri, chanjo alizokwisha kupata na shida iliyomleta. Nimekuwa nikiijaza fomu hiyo kwa miaka 11, mchana nikiwa kwenye meza ya mapokezi na usiku, zamu yangu inapofika, nikiwaangalia wagonjwa waliolazwa. Imani niliyoipata katika miaka hiyo ni kwamba kazi yote ya hisani tunayowafanyia wanyama waliojeruhiwa na waliotelekezwa inaanzia kwenye mstari huo mmoja, pale unapobaki mtupu.

Jumanne moja jioni, tulipokuwa tumeanza kufunga madirisha, dereva wa lori aliingia ameshika upande mmoja wa kipande cha bati, na utingo wake ameshika upande wa pili. Juu ya bati alilala mbwa wa rangi ya kahawia, wa kimo cha wastani, asiye na mkanda shingoni, akihema haraka haraka huku macho yake yako wazi bila kutazama chochote. Nilichukua kalamu. Sikuwa nimemaliza swali dereva akajibu, "Si wangu, dada. Nimemkuta tu barabarani."

Hakuna maneno yanayosemwa mara nyingi zaidi mbele ya meza yangu kuliko hayo mawili, si wangu. Ndani yake mna hofu ya kudaiwa fedha, mna hofu ya kulaumiwa, na mara nyingine mna aibu ambayo msemaji asingependa niione. Zamani nilikuwa nikiuliza zaidi: ilikuwaje, nani alimgonga, kwa nini umechelewa kumleta. Siku hizi siulizi ila yale ambayo daktari anayahitaji, yaani ajali ilitokea saa ngapi, mnyama alijaribu kusimama baada ya hapo au la, na kama kuna mtu aliyeng'atwa wakati wa kumbeba. Mtu aliyesimamisha gari, akatafuta bati, akambeba mbwa asiye wake bila kumkunja mgongo, amekwisha kufanya jambo ambalo wengi waliopita njia ileile hawakulifanya, na swali moja la kumshuku linatosha kumfanya safari ijayo apite bila kusimama.

Mnyama anayeletwa na mwenyewe huja na mengi ambayo hatuyaoni thamani yake mpaka yakosekane. Kuna mtu wa kueleza kwamba ametapika tangu juzi, kwamba alichanjwa mwaka jana, kwamba dawa fulani iliwahi kumvimbisha uso. Kuna mtu wa kutia saini kabla ya nusukaputi, mwenye haki ya kusema endeleeni au acheni. Kuna mtu wa kulipa. Tena kuna mlango ambao mnyama huyo ataurudia akipona, na hilo, ingawa mtu hulikumbuka mwisho, ndilo zito kuliko yote. Asiye na mwenyewe hana hata moja kati ya hayo. Kliniki inayoamua kumtibu haitoi dawa za bure tu. Inakubali kusimama mahali pa mwenyewe katika yote, kuanzia kukisia historia yake hadi kumtafutia mlango.

Taaluma yenyewe haikuanzishwa kwa ajili yake. Shule ya kwanza ya udaktari wa wanyama ilianzishwa na Claude Bourgelat mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, wakati ambapo sotoka ilikuwa ikiteketeza ng'ombe wa Ulaya, na waliosoma humo walifundishwa kumlinda farasi na ng'ombe kwa kuwa hao walikuwa mali. Lugha yetu nayo inakwenda njia hiyohiyo: tunasema daktari wa mifugo, yaani daktari wa wale waliofugwa, hata pale mgonjwa aliye mezani kwake hajawahi kufugwa na mtu yeyote. Sisemi hivi kwa kulalamika, maana ni taaluma hiyohiyo iliyoiondoa sotoka duniani kabisa, ikatangazwa mwaka 2011 kuwa haipo tena. Nasema kwa sababu hapo ndipo ninapoelewa kwa nini kila kitu ndani ya kliniki, kuanzia fomu hadi daftari la mapato, kimepangwa kana kwamba nyuma ya kila mnyama lazima awepo mtu.

Daktari hakuanza na miguu ya nyuma ya yule mbwa, ingawa ndiyo iliyokuwa imelala vibaya na ndiyo ambayo dereva alikuwa akiionyesha kwa kidole. Alifunua mdomo akatazama fizi. Mbwa mwenye afya huwa na fizi za rangi ya waridi, na ukizibonyeza zikapauka, damu hurejea kabla ya sekunde 2 kwisha. Fizi za huyu zilikuwa zimepauka kabla hata hazijaguswa. Joto la mwili, ambalo kwa mbwa hukaa kati ya nyuzi 38 na 39 na ushei, lilikuwa limeshuka hadi 36. Dalili hizo zinasema kwamba damu haifiki inakotakiwa kufika, na mnyama aliye katika hali hiyo akiwahishwa kwenye nusukaputi ili aungwe mfupa anaweza kufa mezani, mfupa ukiwa umeungwa vizuri kabisa. Kwa hiyo saa za kwanza zilikuwa za oksijeni, dripu, dawa ya kutuliza maumivu, blanketi, chupa za maji ya vuguvugu zilizofungwa kwa taulo, na kusubiri. Watu wengi wanaotusaidia kwa fedha hufikiri huruma ya kliniki inaonekana kwenye chumba cha upasuaji. Mimi nimeiona zaidi katika saa hizo za kusubiri, daktari akiwa ameketi sakafuni kando ya kizimba akihesabu pumzi, kwa kuwa hakuna mashine inayoweza kumwambia yote ambayo macho yake yanayaona.

Alipotulia, picha ya eksirei ya kifua ilitangulia ile ya nyonga. Gari likimgonga mnyama, kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kinaweza kuchanika na utumbo ukapanda ukayabana mapafu. Kibofu nacho kinaweza kupasuka bila alama yoyote kuonekana nje. Kiwambo kilikuwa kizima. Kibofu kilionekana kizima kwenye ultrasaundi, lakini daktari alitaka ushahidi zaidi, na ushahidi huo ulikuja saa nane usiku, mbwa alipokojoa mkojo mwingi wenye damu kidogo. Daktari, ambaye alikuwa amejilaza kwenye benchi la mapokezi, aliinuka akaja kuutazama kama mtu aliyepokea barua aliyoingojea muda mrefu.

Kilichovunjika kilikuwa fupanyonga, mahali 3. Wengi hushangaa nikiwaambia kwamba mvunjiko huo, ikiwa haukugusa tundu la kiungo cha paja wala haukuibana njia ya choo, mara nyingi huunga wenyewe mnyama akizuiliwa kutembea kwa wiki 4 hadi 8, kwa sababu misuli minene inayoizunguka nyonga huishikilia mifupa mahali pake vizuri kuliko tunavyoweza kuifunga. Tiba yake basi ilikuwa kizimba, godoro, na mikono ya watu: kumgeuza ubavu kila baada ya saa chache asipate vidonda vya kulalia, kumnyanyua kwa shuka lililopitishwa chini ya tumbo ili ajisaidie, kumsafisha, kumkausha, kumnyoosha miguu, na kuanza upya. Kwenye mstari wa tatu niliandika jina la kliniki, kama tunavyofanya siku zote, na kwenye nafasi ya jina la mnyama nikaandika Jumanne. Tunawaita kwa siku waliyofika. Tuna akina Ijumaa wengi, na sijui ni kwa nini Ijumaa.

Wiki 6 za kizimba ndiyo gharama ambayo haionekani. Kizimba kimoja kikikaliwa na mbwa mmoja kwa muda huo, wako wengine ambao tutalazimika kuwaambia hakuna nafasi. Nakumbuka jike mmoja wa mtaani aliyeletwa akitokwa na damu ukeni, tukamkuta na uvimbe ambao kwa mbwa huambukizwa kwa kujamiiana. Ni ugonjwa wa ajabu kuliko yote niliyowahi kuelezwa: saratani hiyo haitokani na mwili wa mgonjwa mwenyewe, bali ni seli za mbwa mwingine aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita, ambazo zimeendelea kuishi kwa kuhama kutoka mbwa hadi mbwa mpaka leo. Na bado hutibika vizuri mno, kwa sindano ya vinkristini, dawa ya saratani, mara moja kwa wiki, kwa kawaida sindano 4 hadi 6. Ukimdunga sindano ya kwanza na kumwachia arudi mtaani, ya pili hutampata. Dawa tulikuwa nayo. Tulichohangaika kukipata ni mwezi mmoja na nusu wa kizimba, na hatimaye jike yule alilazwa ndani ya bafu la wafanyakazi, ambalo kwa muda huo hatukulitumia.

Sasa niseme juu ya fedha, kwa kuwa wapenzi wa wanyama hawapendi kuzisema, na kwa maoni yangu kutokuzisema kumefunga milango mingi. Nusukaputi anayopewa mnyama asiye na mwenyewe ni ileile, nyuzi ni zilezile, na mshahara wa msaidizi anayekesha ni uleule. Kliniki yetu inaandika bili kamili ya kila mgonjwa wa hisani, bila kupunguza hata bei ya pamba, kisha bili hiyo inalipwa kutoka kwenye mfuko uliotengwa, unaojazwa na michango ya wateja, wafadhili wachache wa kila mwezi na sehemu ya faida. Mtu akiona utaratibu huo anaweza kudhani tumekuwa wafanyabiashara wagumu. Lakini kabla ya hapa nilifanya kazi mahali pengine, na daktari wa hapo alikuwa na moyo mwema kuliko watu wengi niliowafahamu. Aliwatibu wote bila kuandika chochote, akalipia kutoka kwenye fedha za dawa za mwezi unaofuata, mpaka siku ambayo waliotuuzia dawa walikataa kuleta tena. Nusukaputi ilikwisha katikati ya mwezi. Tukawarudisha wenye kulipa na wasio na wa kuwalipia kwa pamoja, na baada ya muda si mrefu mlango ukafungwa. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo, ila tangu siku hiyo naliheshimu daftari.

Daftari linapoonyesha kwamba mfuko umekaribia kwisha, inabidi kuchagua, na hapo ndipo pagumu. Fedha zinazotosha kumfanyia mbwa mmoja upasuaji mgumu wa mifupa zinatosha kuwafunga uzazi paka wengi, na paka jike mmoja, ambaye mimba yake huchukua siku kama 63 na ambaye anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha, akifungwa uzazi leo anapunguza idadi ya masanduku yatakayoachwa mlangoni kwetu kesho. Kwa hesabu tupu, fedha zote zingekwenda huko. Niliwahi kuitetea hoja hiyo kikaoni kwa nguvu. Daktari mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: yule mtu anayemkuta mnyama anavuja damu njiani, tumwambie ampeleke wapi? Tangu hapo tunaugawa mfuko, sehemu kubwa kwa uzazi na chanjo, sehemu nyingine haiguswi ila kwa majeruhi. Nadhani ni mgawanyo sahihi, ingawa kila mwisho wa mwezi kuna mnyama ambaye kwake haukutosha, na sijawahi kuuzoea mwisho huo wa mwezi.

Nimetaja masanduku. Huachwa alfajiri, kabla hatujafungua, na aliyeyaacha huwa ameondoka. Lile ninalolikumbuka zaidi lilikuwa na watoto 4 wa paka ambao vitovu vyao vilikuwa bado vibichi, wamelala juu ya fulana ya mtu mzima iliyokunjwa kwa uangalifu mkubwa. Fulana ile ilinisumbua. Aliyeiweka pale hakuwa mtu asiyejali.

Kitu cha kwanza anachotaka kufanya kila mtu mwema akiwaona watoto kama hao ni kuwapa maziwa, na wengi wamekufa kwa wema huo. Paka mchanga hawezi kujipatia joto la mwili mwenyewe, na akipoa, tumbo lake huacha kusaga. Maziwa yanayoingia hukaa humo yakaharibika au hurudi juu na kuingia kwenye mapafu. Kwa hiyo hupashwa joto kwanza, polepole, kwa muda wa saa moja au zaidi, ndipo alishwe. Hulishwa akiwa amelala kifudifudi kama anavyomnyonya mamaye, si chali kama mtoto wa binadamu. Maziwa ya ng'ombe hayamtoshi kwa protini wala mafuta, na humharisha. Yapo maziwa maalumu ya unga kwa ajili yao. Kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Tena baada ya kila mlo mtu huchukua pamba iliyoloweshwa kwa maji ya vuguvugu akamfuta chini ya mkia, kama mama yake anavyomlamba, kwa kuwa katika wiki 3 za mwanzo hawezi kukojoa wala kupata choo bila kusaidiwa.

Wale 4 niliwapima kila asubuhi. Paka mchanga huzaliwa na gramu 100 hivi, na akiwa mzima huongezeka kama gramu 10 kwa siku. Watatu waliongezeka. Wa nne aliandikwa 91, kesho yake 91, keshokutwa 88, na usiku uliofuata, nikimshika kiganjani karibu na taa, alifungua mdomo mara mbili bila sauti akatulia. Macho yake hayakuwa yamefunguka. Hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Nilimwandika kwenye daftari kama wengine wote, na kwenye mstari wa mwenye mnyama likabaki jina la kliniki, kwa sababu alikufa akiwa wetu.

Ningependa wanaosoma hapa walijue jambo moja kabla hawajaokota watoto wa paka. Mara nyingi hawajatelekezwa. Mama yao amekwenda kuwinda, au yuko katikati ya kuwahamisha mmoja mmoja, na anaogopa kurudi kwa sababu wewe umesimama hapo. Ikiwa wako mahali pakavu na pasipo na hatari, na matumbo yao yamejaa, ondoka ukaangalie kwa mbali kwa saa kadhaa. Mama yao ni bora kuliko sisi.

Kosa jingine la wema ni dawa za binadamu. Mama mmoja aliyekuwa akimlisha paka wa nje ya nyumba yake alimkuta na jipu shavuni, akamhurumia, akampa nusu ya kidonge cha parasetamoli. Alipomleta, fizi zilikuwa zimegeuka kahawia na uso umeanza kuvimba. Ini la paka halina uwezo wa kuisafisha dawa hiyo kama letu, hivyo sumu yake huiharibu damu isiweze kubeba oksijeni. Kidonge kimoja kinatosha kumuua. Ipo dawa ya kuipinga, ileile wanayopewa watu waliozidisha parasetamoli hospitalini, na kwa kuwa mama yule aliwahi, paka alipona. Yeye mwenyewe alilia kuliko alivyostahili kulia. Nilimwambia, "Mama, umemleta. Wangapi wangemleta?" Alikuwa ameanza kwa kusema si wangu, alipoondoka, mstari wa tatu ulikuwa na jina lake.

Kuhusu wanaotelekeza, nimebadilika. Nilipoanza kazi nilikuwa na hasira nao kama ilivyo kwa kila anayeanza. Kisha asubuhi moja tulimkuta mtoto wa mbwa amefungwa kwenye lango, dhaifu, anaharisha damu yenye harufu ambayo mtu akiisikia mara moja haisahau, na kwenye kamba imefungwa karatasi: "Samahani. Anaitwa Nyota. Sina uwezo." Ilikuwa parvo, kirusi kilichojulikana kwa mbwa mara ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1970 na kikaenea dunia nzima kwa muda mfupi, ambacho kwetu hatuna dawa ya kukiua ndani ya mwili, kinachofanyika ni dripu, dawa za kuzuia kutapika, viuavijasumu na uangalizi wa siku kadhaa katika chumba cha kutengwa. Matibabu hayo ni ghali, ilhali chanjo inayoukinga ugonjwa huo ni rahisi. Nyota aliishi. Aliyemwandikia karatasi ile alimpa jina, alimpenda, na alimwacha kwetu kwa sababu kwake hiyo ndiyo njia pekee ya matibabu iliyokuwa wazi. Kama angejua kwamba angeweza kuingia, akasema hana fedha, akasikilizwa, Nyota asingepoteza mtu wake.

Mwaka 1917, vita kuu ya kwanza ikiendelea, mwanamke aitwaye Maria Dickin alifungua zahanati ya wanyama katika chumba cha chini ya jengo huko Whitechapel, mtaa wa maskini mjini London, akawaalika watu wasio na uwezo wawalete wanyama wao watibiwe bure. Zahanati hiyo ilikua ikawa shirika la PDSA ambalo lipo hadi leo. Ninachokiona cha maana katika kazi yake ni kwamba aliwafuata wenye wanyama kabla hawajawa watelekezaji. Kwetu, baada ya Nyota, tulibandika tangazo mlangoni kwamba asiyeweza kulipa aseme, na tukaanza kupokea malipo ya kidogo kidogo. Wako waliotudanganya, lakini ni wachache kuliko nilivyotarajia.

Sindano ya mwisho nayo ni sehemu ya hisani, na sipendi kuificha. Mwaka 1930 mwanamke Mwingereza aitwaye Dorothy Brooke alifika Cairo, Misri, akawakuta farasi waliotumikia jeshi la Uingereza katika vita vilivyokwisha mwaka 1918, wakauzwa huko huko, na sasa wamezeeka wakivuta mizigo hali wamekonda. Aliandika barua gazetini Uingereza kuomba msaada, watu wakachangia, akawanunua wapatao 5,000, na mwaka 1934 akafungua hospitali ya bure kwa farasi, punda na nyumbu wa mji huo. Wengi kati ya farasi wale walikuwa wamechoka kupita kiasi cha kuponywa. Aliwanunua, akawapa siku chache za kupumzika na chakula, kisha akawamalizia mateso yao bila maumivu. Kila ninapoifikiria habari hiyo naona jambo tunalolifanya sisi kwenye mstari wa tatu: alikuwa mwenyewe wao, ili awepo mtu mwenye haki ya kusema inatosha.

Sisi hatumwachi mnyama afe na mtu asiyemjua jina. Daktari mmoja hudunga, mwingine wetu hushika kichwa na kuzungumza naye kwa sauti ya chini, hata kama ni paka shume aliyetuparura dakika kumi zilizopita. Uamuzi hufanywa na watu wawili, kamwe si mmoja, na kamwe hautolewi kwa sababu ya nafasi peke yake. Zipo siku ambazo sharti hilo la mwisho limetugharimu sana, na naomba tusiliache.

Hofu ya kichaa cha mbwa iko nyuma ya kila kazi tunayofanya na wanyama wasiojulikana, nayo si ya kubeza: inakadiriwa kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna tiba ya kutegemewa. Wafanyakazi wote wamechanjwa. Anayeng'atwa huosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kabla ya kufanya jingine lolote, kisha huenda hospitali siku hiyohiyo. Mbwa aliyeng'ata, akiwa mzima, huangaliwa siku 10, na asiye na mwenyewe siku hizo 10 ni zetu. Mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa katika eneo, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Ndiyo maana hakuna mnyama anayetoka kwetu bila chanjo.

Jumanne alisimama katika wiki ya 4, akaanguka, akasimama tena. Katika wiki ya 7 alichukuliwa na mwalimu mstaafu ambaye alikuja kumtazama mara 3 kabla hatujamkubalia. Tunauliza maswali mengi, pengine mengi mno: nani atakuwepo nyumbani mchana, uzio ukoje, akiugua itakuwaje. Humo kwenye mkataba mna sharti kwamba wakishindwana, mbwa anarudi kwetu, si kwingine. Mwalimu alisoma kurasa zote, akatia saini, nami nikakata jina la kliniki kwa mstari mmoja na kuandika la kwake juu.

Yule dereva hakuwahi kuja tena, ila kila Jumamosi alipiga simu. Hakutaja jina. Alisema tu, "Dada, nauliza yule wa kwenye bati," nami nilimweleza: amekula, amekojoa mwenyewe, amesimama. Jumamosi baada ya mwalimu kumchukua nilimwambia ameondoka, amepata kwake. Akauliza kama anatembea. Nikasema anatembea, ila asubuhi mguu wa kushoto hubaki nyuma kidogo mpaka misuli ishike moto. Alinyamaza kiasi cha mimi kusikia injini ya lori ikinguruma upande wake. Kisha akauliza kama huko alikokwenda wamembadilisha jina, nikamwambia hapana, mwalimu amelipenda, bado anaitwa Jumanne. Akasema ahsante, akakata simu.

Jumamosi iliyofuata haikulia, na nilikuwa nimekaa karibu nayo tangu asubuhi.